Nafasi Haitoshi

Wasomaji wapenzi, na khasa mabibi wenzangu, khabari ninayotaka kuwaeleza leo ni ya kanda moja ya arusi, na jinsi tulivyotaka kuitia katika diski moja ikakataa kuingia. Huenda mtu akasema hayo ni mambo ya vijana na mashine zao, sisi watu wazima yatuhusu nini? Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Lakini nyumba nyingi za pwani zina kanda mbili tatu za zamani zilizolala ndani ya sanduku, chini ya leso za marehemu, wala hatujiulizi mle ndani mna nani, na siku zitakapofunguliwa ni nani atakayewatazama hao waliomo.

Kanda yangu ni ya arusi ya mdogo wangu, iliyofanywa hapa Mombasa mwaka 1991. Siku hizo kamera ilikuwa ikibebwa begani kama gunia la mchele, na kupigwa picha za video ilikuwa fakhari kubwa. Tulimwita bibi mmoja mpiga picha, kwani siku ya kupamba, kama mjuavyo, hakuna mwanamume apitaye mlangoni, na mabuibui yote huvuliwa. Yule bibi aliifuata arusi tangu siku ya hina, na usiku wa vugo, mpaka kupamba kwenyewe, kisha akayakusanya yote katika kanda moja ya saa nne, ile iliyoandikwa E-240 ubavuni. Picha zilichukua saa tatu na dakika arobaini. Tuliitazama mara tatu au nne, wanawake peke yetu, tukala visheti, tukaifungia sandukuni.

Mdogo wangu alihamia Maskati na mumewe mwaka 1998, na huko akafariki mwaka 2017, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtoto wake wa mwisho alizaliwa mwaka 2001. Huyu ndiye aliyenipigia simu mwaka 2024, posa yake imekwisha kukubaliwa, akaniambia, "Mama Mkubwa, ile kanda ya arusi ya mama ungali nayo? Nataka kumwona siku alipokuwa kama mimi."

Nikamwambia ninayo. Akasema basi nimtumie kwa simu. Hapo nikakataa. Mle ndani mna wanawake zaidi ya thelathini, vichwa wazi, wamejipamba kama mwanamke ajipambavyo mbele ya wanawake wenziwe. Walivua mabuibui yao kwa kutuamini sisi wenye arusi. Kitu kikishaingia katika simu hujui kitalala wapi: leo kiko kwa binti yetu, kesho kiko kwa rafikiye, kesho kutwa kiko kwa kijana asiyemjua hata mmoja wao. Diski nayo yaweza kunakiliwa, sikatai, lakini diski hutiwa mkononi mwa mtu, na mtu huyo waweza kumtazama usoni ukamwambia: hii ni amana. Na nyumbani kwa shemeji yangu bado ipo deki ya DVD aliyoinunua marehemu mwenyewe. Basi tukaafikiana kuwa nitaitia kanda katika diski, na diski itachukuliwa kwa mkono na jamaa anayesafiri.

Kwanza nikaenda kwenye duka moja mjini, kwani niliambiwa wanafanya kazi hiyo kwa bei nafuu. Jina lake silitaji. Nilipofika, juu ya meza palikuwa na kioo kikubwa kinachoonyesha kanda ya mteja mwengine ikinakiliwa, nayo ilikuwa kupamba. Sikuwajua watu wake. Bibi arusi yuko juu ya kiti, mama zake wanacheza mbele yake, na hapo dukani wanaume watatu wamesimama wakingoja kupigiwa nakala za karatasi zao, macho yao juu ya kioo. Kijana wa duka hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa akila mabuyu, na kwake yeye ile ilikuwa kazi tu. Nikaifunika kanda yangu kwa ncha ya buibui nikatoka, wala sikumwambia kitu. Mpaka leo najilaumu kwamba sikumwambia.

Basi kazi ikarudi nyumbani. Ninaye mjukuu wa kike wa miaka ishirini asomaye mambo ya kompyuta, na mimi mwenyewe nimesomesha hesabu katika skuli za msingi kwa miaka 31. Nikamwambia, wewe shika mashine, mimi nitashika kalamu.

Taabu ya kwanza ilikuwa deki ya kuchezea kanda. Deki hizi hazitengenezwi tena. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo ndiyo ya mwisho iliyojulikana kuzitengeneza, iliacha mwezi wa Julai mwaka 2016. Tukaazima kwa jirani. Taabu ya pili ilikuwa koga. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kanda ikikaa miaka mingi sandukuni hufanya ukungu mweupe pembeni mwa utepe, kama ule wa mkate uliolala. Mwenye kanda kama hiyo asiitie kwenye deki vivi hivi, kwani itachafua vichwa vya deki na huenda utepe ukakatika. Tulikaa uani, tumejifunga vitambaa puani, tukauzungusha utepe kwa mkono taratibu huku tukiupanguza kwa kitambaa laini kikavu. Ilituchukua asubuhi nzima mpaka adhana ya adhuhuri.

Kisha ikaja kazi ya kuinasa kanda ndani ya kompyuta, nayo haina njia ya mkato: kanda ya saa tatu na dakika arobaini huchukua saa tatu na dakika arobaini. Tulifunga mapazia, nikawaambia wanaume wa nyumba wasiingie chumba kile mpaka nitakapofungua mlango mimi. Mwisho wake tukapata faili moja kubwa mno, gigabaiti 48.

Na diski je? Diski ya DVD ya kawaida, ile iuzwayo tupu, huandikwa juu yake gigabaiti 4.7. Ukiitia kwenye kompyuta, kompyuta husema 4.37. Mimi moyoni nilikwisha kumdhania vibaya muuza diski, nikajua nimepunjwa. Mjukuu wangu akacheka. Kumbe wenye kutengeneza diski huhesabu kwa elfu elfu, na kompyuta huhesabu kwa 1,024, kwa hivyo kitu ni kile kile kilichopimwa kwa vipimo viwili. Nikamwomba Mungu msamaha kwa yule muuzaji.

Basi tuna maji ya pipa na twataka kuyatia katika kopo. Lakini picha si maji, waweza kuzikamua. Nitaeleza kidogo, kwani jambo hili lina utamu wake. Katika mtindo wetu wa televisheni, kila sekunde ina picha 25. Kompyuta haiziandiki zote kamili. Huandika moja kamili, kisha zile zinazofuata huandika yale tu yaliyobadilika, halafu baada ya picha kumi na mbili au kumi na tano huandika tena moja kamili. Bibi arusi aliyekaa kitini bila ya kutikisika hugharimu kidogo sana. Wanawake arubaini wanaocheza vugo, kila mmoja akizungusha leso yake, hao hugharimu sana, kwani hakuna kinachobaki pale pale. Na zile chenga za kanda ya zamani nazo hugharimu, maana kompyuta haijui kama ni uchafu, yenyewe huona kitu kinacheza basi hukiandika. Ndiyo maana yafaa kuzituliza chenga kwanza kabla ya kukamua, usije ukalipia takataka.

Mjukuu wangu akaweka programu yake katika ubora wa juu, kama ilivyokuwa. Programu ikasema diski itachukua dakika 65. Sisi tuna dakika 220. Akaikamua picha mpaka zote ziingie, akanionyesha. Lo! Penye vugo nyuso zikavunjika vipande vipande kama vigae vya sakafu. Shangazi yangu nilimtambua kwa kicheko tu.

"Bibi, tutumie diski mbili," akaniambia.

Nikasema hapana, iwe moja. Diski mbili hupotezana, hubaki ya pili bila ya kwanza. Akasema ziko diski za tabaka mbili, zachukua gigabaiti 8.5. Nikasema hizo ghali, na niliwahi kusikia deki za zamani nyengine huzikataa. Maneno yote hayo mawili ni ya kweli. Lakini, wasomaji wangu, mtu aweza kusema maneno mawili ya kweli kwa ajili ya jambo la tatu asilotaka kulisema.

"Basi itabidi tukate," akasema.

"Tukate," nikasema, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Nikaanza na yaliyo wazi. Dakika 12 za ukumbi mtupu na viti. Dakika 8 za masufuria ya biriani na magari yaliyopangwa nje. Hayo hapana atakayeyalilia. Kisha zikatoka dakika 6 nyengine ambazo lazima nizieleze. Kabla ya kuanza kazi hii nilifanya orodha ya wanawake wote waliohai wanaoonekana vizuri ndani ya kanda, nikawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba idhini. Walikuwa kumi na wanne. Wengi walicheka, na mmoja akataka nakala. Lakini mmoja alinyamaza kwanza, kisha akaniambia kwamba siku ile alikuwa msichana, alicheza kwa namna ambayo leo haipendi, na akaniomba nimtoe. Sikumuuliza la pili. Alikuwa na haki yake, nasi tukamtoa yeye na waliokuwa naye.

Kisha nikaandika mstari wa nne kwenye karatasi: "Hina, dakika 34, kata."

Mjukuu wangu akaisoma karatasi. "Yote, Bibi?"

"Yote. Nafasi haitoshi."

Sasa sina budi kusema lililomo katika zile dakika 34. Siku ile ya hina, aliyemtia mdogo wangu hina ni wifi yangu, mke wa kaka yetu mkubwa. Alikuwa fundi wa hina asiye na mfano, na yeye na marehemu walipendana kama waliozaliwa tumbo moja. Sehemu yote ile ni yake: amekaa mkekani, miguu ya bibi arusi imo mapajani mwake, na kamera haiwaondoki. Baba yetu alipofariki mwaka 2003 ikaja khabari ya nyumba. Maneno yakasemwa. Tangu mwaka 2006 sijavuka kizingiti cha nyumba ile, wala wao cha kwangu, na tukikutana matangani hupeana mikono kama wageni wa safari moja. Sitawaambia nani alikuwa na haki, kwani upande wa pili haupo hapa kuandika ya kwake. Lile la siku tatu alilotufundisha Bwana Mtume (s.a.w.) juu ya Waislamu wawili kutengana nalijua, na nimelisomesha watoto madrasa. Mimi nilikuwa nahesabu miaka kumi na minane.

Na katika orodha yangu ya wanawake kumi na wanne wa kuombwa idhini, jina la wifi halikuwamo. Mbona limwombwe idhini asiyekuwamo?

Mjukuu wangu hakusema kitu. Alikata kama nilivyomwagiza, zikabaki dakika 160, akakamua tena. Picha zikatulia. Vugo likaonekana, shangazi yangu akapata uso wake. "Umeona?" nikamwambia, nami nimefurahi kwelikweli, kwa sababu sasa hata mashine ilikuwa upande wangu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi jua langu lilikuwa gigabaiti 4.7.

Usiku ule usingizi haukuja. Mwalimu wa hesabu ana ugonjwa mmoja, hawezi kuacha hesabu isiyolingana. Mjukuu wangu alikuwa ameniandikia nyuma ya bili ya umeme zile tarakimu za programu: picha kilobiti 2,300 kwa kila sekunde, sauti kilobiti 1,536. Nikaiangalia ile sauti. Mbona kubwa hivyo? Picha ndiyo yenye rangi na sura na mwendo, na sauti imepewa zaidi ya nusu ya fungu la picha?

Asubuhi nikamuuliza. Akasema sauti imeandikwa kamili bila ya kukamuliwa: kila sekunde hupimwa mara 48,000, kila kipimo kina biti 16, na njia ni mbili, ya kulia na ya kushoto. Nikazidisha hapo hapo: 48,000 mara 16 mara 2 ni 1,536,000. Ndiyo hiyo. Nikaendelea. Tukizirudisha dakika 34 za hina tutakuwa na dakika 194, nazo ni sekunde 11,640. Sauti peke yake, kwa namna ile, ingekula gigabaiti 2.2 na ushei katika diski ya 4.7. Karibu nusu ya nyumba amekalia mtu mmoja, na sisi twawafukuza wengine kwa kuwa hapana nafasi!

"Na sauti haikamuliki?" nikauliza.

"Yakamulika, Bibi. Kilobiti 192 zatosha. Sikugusa pale kwa sababu programu ndiyo iliyoweka."

Kwa kilobiti 192, sauti ya dakika 194 ni chini ya gigabaiti 0.3. Tukirudisha karibu gigabaiti 2 kwa picha, kila sekunde ya picha yapata kilobiti kama 2,900, nazo ni zaidi ya zile 2,300 tulizopata baada ya kukata. Yaani hina ikirudi, na picha itakuwa nzuri kuliko bila ya hina. Nilihesabu mara mbili, nikatumaini nimekosea.

Tena kulikuwa na jengine. Programu ilikuwa ikiandika picha kwa upana wa nukta 720, na kanda ya aina ile tangu kuzaliwa kwake haikuwa na zaidi ya mistari kama 240 kwa upana. Kibaba cha mchele hakiwi pishi kwa kutiwa katika chombo cha pishi. Mtindo wa DVD waruhusu pia upana wa nukta 352, karibu na nusu, kwa kimo kile kile cha 576, na kwa kanda kama yetu jicho halioni tofauti. Basi nafasi ikazidi. Ilikuwa yatosha na kubaki.

Nikasema, kwa kushikilia, kwamba huenda sauti ikikamuliwa hivyo itaharibika. Mjukuu wangu akasema tujaribu, tusikilize zote mbili. Akanivisha vile vya masikioni. "Lakini tusijaribu penye ngoma," akasema, "ngoma huficha kila kitu. Tutafute mahali watu wanazungumza kwa utulivu." Akatafuta mbele na nyuma. Katika kupamba bibi arusi hukaa macho chini, hasemi, hacheki, na ukumbi mzima ni nderemo. Katika vugo ni pembe na vigelegele. Mahali palipokuwa na utulivu katika kanda nzima palikuwa pamoja tu.

Akaucheza.

Nikasikia sauti ya mdogo wangu, karibu na sikio langu kama amekaa nami kitandani. Alisema, "Wifi, nikune pua, mikono yangu imo hinani." Wifi akasema ngoja nimalize ua hili. Akasema, "Sitaweza kungoja, Wallahi, nikune," na akacheka kile kicheko chake cha puani, na wifi akamkuna kwa mgongo wa mkono, na hina ikambaki puani, wote wakacheka.

Mjukuu wangu akaucheza tena kwa sauti iliyokamuliwa. Hakuna lililopungua.

Nilivua vile vya masikioni nikakaa. Katika saa tatu na dakika arobaini, hapo ndipo mahali pekee ambapo marehemu anasema neno. Mtoto wake alinipigia simu kutoka Maskati akataka kumwona mama yake, nami nilikuwa nimeshika kalamu tayari kumtumia mama asiye na sauti, na kumwambia nafasi haikutosha. Na asingejua. Angenishukuru.

Ijumaa baada ya alasiri nilikwenda kwa wifi. Sitawaficha, nilipita mlango ule mara ya kwanza nikaenda mpaka msikitini, nikarudi. Nilikuwa na diski moja ya kujaribia mkobani. Akafungua mwenyewe. Amekuwa mtu mzima, miwani mizito, na vidole vyake vya fundi vimekauka. Tukapeana salamu. Akanikaribisha kiti. Nikamweleza shughuli yangu kama nilivyowaeleza wale wengine kumi na wanne, neno kwa neno, kwamba yeye anaonekana kichwa wazi, na kwamba siwezi kumpeleka Maskati bila ya idhini yake.

"Wangapi umewaomba?" akauliza.

"Kumi na wanne."

"Na mimi wa kumi na tano."

Nikasema ndiyo. Alinitazama kitambo. Naamini aliijua hesabu yote bila ya kuhesabiwa.

Akataka kuiona kwanza. Deki yake ilikuwa na vumbi, ikaikataa diski mara mbili, tukaifuta kwa pamba, mara ya tatu ikakubali. Akafunga dirisha la barazani. Tukatazama hina tangu mwanzo, dakika zote 34, kimya, na ilipofika penye pua alijiinamia mbele akashika goti lake. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Mara ya tatu hakusema, nikarudisha mwenyewe.

Kisha akaenda kupika chai.

Khabari ya nyumba hatukuitaja, na mpaka ninapoandika haya shauri lile liko pale pale lilipokuwa. Alipokuwa akimimina chai aliniambia kwamba ua lile alilokuwa akilichora lilikuwa limeharibika kwa sababu ya kicheko, na siku ya pili alilazimika kulifunika kwa jengine kubwa zaidi, na watu wakalisifu. Hilo sikuwa nikilijua. Idhini akanipa, ila akataka kwamba juu ya diski paandikwe kwa mkono wa mtu, si kwa mashine, kuwa ni ya wanawake peke yao.

Niliporudi nyumbani tuliiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha, kwani ukitaka mgao mzuri hupitia kanda mara mbili: mara ya kwanza hutazama tu wapi pana utulivu na wapi pana vishindo, mara ya pili ndipo hugawa, kila mahali na stahili yake. Kuchoma diski kwenyewe tulichoma kwa mwendo wa polepole, kisha tukaikagua yote mwanzo hadi mwisho. Wanaofanya hivyo majumbani wajue kwamba diski hizi huandikwa kwa mwangaza juu ya tabaka la rangi, na rangi ile haipendi jua wala joto. Isiachwe dirishani wala ndani ya gari, isimamishwe ndani ya kasha lake, na jina liandikwe kwa kalamu laini ya wino, si kwa kubandikwa karatasi, kwani karatasi huivuta upande mmoja. Wala isitegemewe peke yake. Faili la asili tumeliweka mahali pengine, na kanda nimeirudisha sandukuni.

Niliandika mwenyewe, kwa kalamu nyeusi: "Hina, vugo na kupamba, 1991. Wanawake tu. Amana."

"Nichome ngapi, Bibi?" mjukuu wangu akauliza.

"Tatu," nikamwambia. "Ya Maskati, na ya yule aliyetaka nakala."

"Na ya tatu?"

Nikamwambia ya tatu nitaipeleka mwenyewe Ijumaa.